Kushuka Lushoto–Mombo: kona za kushoto pikipiki inanivuta katikati ya barabara. Shida ni nini?

MgeniWaSoni #1
Wakuu habari za jioni.

Nimehamishiwa kazini Soni nikitokea Dar, nimekuja na Boxer 150 yangu. Dar sikuwahi kuona tatizo lolote. Huku kupanda kutoka Mombo ni raha tupu, ila kushuka ndiko kunanitoa jasho. Kona za kulia nazikata vizuri. Za kushoto, hasa zile zinazojikunja kabisa chini ya Soni, pikipiki inagoma. Naingia nikiwa upande wangu, nikifika katikati ya kona naona mstari wa kati unanifuata, mara nyingine nimeshauvuka. Juzi nikakutana uso kwa uso na basi linapanda. Dereva alinipa honi ndefu na tusi la nyongeza.

Spidi si kubwa, gia ya tatu, thelathini hadi arobaini hivi. Mara nyingi nina abiria, wife au mwalimu mwenzangu. Kabla ya kuja fundi alinifanyia sevisi kamili: tairi jipya la nyuma, cheni, breki shuu, kebo zote.

Ni pikipiki au ni mimi? Na kwa nini kushoto tu?

Kijana wa Stendi #2
Ni wewe. Mods fungeni uzi.

FundiSpana #3
Kijana wa Stendi punguza haraka. Jamaa amesema kushoto tu. Dereva asiyejua kona haziwezi pande zote mbili. Kitu kikigoma upande mmoja, mimi naanza na chuma.

Mkuu, fundi wako alifungua tairi la nyuma ili kubadilisha tairi na cheni. Ule mkono unaoshika tairi la nyuma una vistari pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa ajili ya kukazia cheni. Hesabu. Kama kulia nati iko kistari cha nne na kushoto cha tatu, tairi la nyuma linatazama pembeni na pikipiki yako inatembea kimshazari kama kaa. Kwenye lami iliyonyooka hutajua, mikono yako inarekebisha yenyewe. Kwenye kona ndipo inajitangaza.

Usiviamini vile vistari asilimia mia, hasa kama ule mkono umewahi kupinda. Chukua kamba ndefu, izungushe nyuma ya tairi la nyuma, ivute mbele pande zote mbili kwa usawa wa ekseli. Kamba iguse tairi la nyuma mbele na nyuma, halafu angalia nafasi iliyobaki kati ya kamba na tairi la mbele, kulia na kushoto. Zikilingana uko salama.

Pili, ipandishe stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili tairi la mbele liwe hewani. Zungusha usukani taratibu. Ukiusikia unashika katikati kama umeingia kwenye shimo dogo, golori za shingo zimekula bakuli lake. Hapo hakuna kona utakayoikata kwa amani.

MgeniWaSoni #4
Ahsante mkuu, kesho naangalia vistari.

Bwana Shamba Mstaafu #5
Vijana mmezoea spana. Nimeipanda na kuishuka hiyo barabara kwa Yamaha AG100 ya ofisi tangu lami haijawa kama ilivyo sasa, na mbegu za kabeji nyuma. Kanuni yetu ilikuwa moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kama kona ya chini ya Soni unaipanda na gia ya pili, kwa nini unaishuka na gia ya tatu? Ndugu mwalimu, gia ya tatu pikipiki inakusukuma. Unafika kwenye kona haujamaliza kupunguza mwendo, unakamata breki ndani ya kona, na pikipiki iliyolala ikishikwa breki inasimama wima. Ikisimama wima inakwenda moja kwa moja. Moja kwa moja katika kona ya kushoto ni wapi? Ni kwenye basi.

Punguza mwendo KABLA. Gia ya pili kabla. Ndani ya kona mguu wa kulia upumzike.

Kijana wa Stendi #6
Shikamoo mzee. Hoja nzuri lakini mzee hujajibu kwa nini kushoto tu. Breki anakanyaga kona zote.

Bwana Shamba Mstaafu #7
Marahaba. Kulia akivutwa nje anavutwa kwenye upande wake mwenyewe, kwenye mfereji. Hajaufikia bado, ndiyo maana anadhani kulia anakata vizuri.

Kijana wa Stendi #8
Hapo umenimaliza mzee wangu.

Jicho la Tai #9
Nakubaliana na mzee kuhusu breki, ila kuna jambo rahisi zaidi ambalo limerukwa. Sisi tunashika kushoto. Kona ya kushoto tuko upande wa ndani, ya kulia tuko upande wa nje. Kona ni ileile lakini wewe wa ndani unazunguka duara dogo na wa nje anazunguka duara kubwa. Kwenye kona zilizokunjwa kama zile za Soni tofauti ya upana wa njia moja tu ni kubwa sana. Kwa hiyo spidi thelathini na tano ya kulia si spidi thelathini na tano ya kushoto. Kushoto unatakiwa upunguze zaidi, na ulaze zaidi. Pikipiki haina kosa, cheni haina kosa.

Namna ya kuingia: usiibane kona ya kushoto mapema. Ingia ukiwa mbali na ukingo, karibu na mstari wa kati bila kuugusa, subiri mpaka uone kona inaishia wapi, ndipo uilaze. Anayebana mapema lazima atoke nje mwishoni.

Utingo Kitonga #10
Jicho la Tai hilo la kukaa karibu na mstari wa kati utaua mtu.

Nimekaa kwenye malori miaka mingi, mlima wa Kitonga kwenye barabara ya Iringa naujua kona kwa kona. Gari refu likipanda kona ambayo kwako wewe unayeshuka ni ya kushoto, kwake ni ya kulia. Kichwa kinapita upande wake vizuri, lakini matairi ya nyuma hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. Ndani ni wapi? Ni kwako. Unaona kichwa cha basi kimepita salama, unashusha pumzi, halafu ubavu unakufuata. Mtu wa pikipiki aliyekaa kwenye mstari anasagwa na tairi la nyuma la gari ambalo dereva wake hajui kama amegonga kitu.

Na kona zako za kulia usijisifu. Hapo gari linalopanda ndilo lina kona ya ndani iliyokaza, litatoa pua kwenye njia yako kwanza ndipo ligeuke. Ukiona basi linakaribia kona iliyojikunja, simama juu kabisa kabla ya kona, lipite. Anayepanda ana haki. Akisimama na mzigo kwenye mlima kuondoka tena ni kazi, wewe wa pikipiki ukisimama unapoteza nini?

Jicho la Tai #11
Nimesema bila kuugusa. Na nimesema subiri uone kona inaishia wapi. Kama kuna basi, unaliona kabla hujalaza. Aliyebana kushoto tangu mwanzo haoni kitu, ukuta wa mlima uko mbele ya macho yake.

Utingo Kitonga #12
Na kama ukungu? Lushoto mwezi wa sita na wa saba asubuhi huoni hata taa yako mwenyewe. Mimi nasema kaa katikati ya njia yako, mwendo wa kuweza kusimama ndani ya kile unachokiona. Hayo ya kuingia nje na kubana baadaye ni ya uwanja wa mashindano.

Mgosi wa Mlalo #13
Wagosi mnagombana kuhusu njia wakati mtoa mada hajaambiwa habari ya majani ya kabichi. Siku za kupakia mboga yanadondoka hayo, gari zikiyakanyaga yanakuwa kamasi. Tairi likipita juu yake wakati umelala, unalala moja kwa moja. Na kuna kona ambazo maji yanachuruzika kutoka ukutani masika na vuli zote, lami ina ukijani. Huo ukijani si kivuli, ni utelezi.

Mama Karoti #14
Nimesoma toka juu mpaka hapa, wanaume mmeongea golori, cheni, mabasi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza abiria amekaaje.

Mwalimu, mkeo anakaa kiume au anakaa upande?

MgeniWaSoni #15
Upande, dada. Anavaa kitenge kwenda kazini. Mwalimu mwenzangu naye ni mwanamke, hivyohivyo.

Mama Karoti #16
Miguu kushoto, si ndiyo? Wote tunakaa miguu kushoto.

Basi nikwambie kinachotokea nyuma yako ambacho hukioni. Mimi nimepanda boda Soni–Mombo na kapu mapajani zaidi ya mnavyoweza kuhesabu. Kona ya kulia dereva akilaza, mimi mgongo unaegemea, najisikia nimekaa kwenye kiti. Kona ya kushoto akilaza, uso wangu ndio unaelekea chini. Naiona lami inanijia, miguu inaning'inia, hakuna cha kukanyagia zaidi ya kile chuma kimoja. Mwili wenyewe unajirudisha nyuma, yaani kulia. Huwezi kuuzuia. Dereva analaza kushoto, abiria anavuta kulia. Nani atashinda? Ikiwa abiria mwenyewe ana kilo zangu, mshindi ni mimi.

Jaribu kushuka peke yako. Kama kona za kushoto zinakuwa nzuri, acheni kusumbua fundi.

Kijana wa Stendi #17
Mama Karoti ameua uzi. Aisee.

FundiSpana #18
Mama Karoti heshima yako, hiyo hoja ina uzito kweli (sisemi kilo). Ila Soni nzima wanawake wanabebwa upande na vijana wa boda wanashuka nao kila siku bila kuvuka mstari. Kwa nini wao hawavutwi?

Mama Karoti #19
Wanavutwa. Wamezoea kuvutwa. Na wengi wao mstari wanauvuka kila siku, nyie hamkai nyuma yao mkaona.

Nduthi Iten #20
Salamu kutoka Kenya. Mimi huteremka escarpment ya Tambach kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio, na nyinyi nyote mmeacha kitu kimoja: macho. Nduthi, yaani pikipiki, hufuata macho. Ukitazama ukingo, utaenda kwa ukingo. Ukimtazama dereva wa basi, utamfuata dereva wa basi. Mgeni akiona kona ya kushoto hutazama mstari wa kati kwa sababu ndio anaogopa, na nduthi inampeleka palepale anapotazama. Geuza kichwa chote, kidevu kabisa, utazame pale barabara inatokea upande ule mwingine. Mara ya kwanza utahisi ni ujinga kutotazama mbele yako.

Lingine ni mikono. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma usukani wa kushoto mbele kidogo. Ndiyo, mbele. Nduthi italala kushoto yenyewe.

Chuma Chakavu #21
Nduthi Iten hapo umechemka. Nikisukuma mkono wa kushoto mbele tairi linageuka KULIA. Hata mtoto wa baiskeli anajua.

Nduthi Iten #22
Linageuka kulia kidogo sana, na hapo ndipo nduthi inaangukia kushoto, na ikishalala kushoto inapinda kushoto. Nenda barabara iliyonyooka isiyo na gari, spidi arobaini, shika usukani bila kukaza, sukuma kidogo upande mmoja kwa kiganja. Halafu rudi hapa utuambie ilienda wapi. Ukiwa unatembea polepole kama wa kuegesha hapo ndio usukani unageuzwa kama wa baiskeli ya mtoto.

Chuma Chakavu #23
Nimetoka kujaribu barabara ya Korogwe. Sina la kusema.

Kijana wa Stendi #24
😂😂😂 Chuma kimekubali.

Jicho la Tai #25
Hii ya Nduthi Iten inaweza kuwa ndiyo sababu ya kushoto tu. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele. Mtu akiogopa, mkono wa kulia unakakamaa. Kukata kushoto, kushoto inasukuma na kulia inatakiwa ilegee ije nyuma. Kulia iliyokakamaa inakataa. Kona ya kulia mkono wa kulia ndio unaosukuma, kukakamaa kwake hakudhuru sana.

MotoBukavu #26
Jambo kwenu ndugu wa Tanzania. Mimi niko Bukavu, Kongo, naendesha moto (pikipiki) ya kazi. Sisi huku tunashika kuume. Moto zetu ni zilezile zenu, mafuta mkono wa kuume, breki mkono wa kuume. Mlima wetu ni Ngomo, ule wa njia ya Kamanyola na Uvira. Wengi wanaona afadhali kuzungukia Rwanda kuliko kupita pale.

Sasa sikieni. Huku vijana wapya wanaoshuka Ngomo wanatoka nje kwenye kona za kuume, si za kushoto. Kama shida ingekuwa mkono wenye mafuta, na sisi tungetoka nje kushoto kama yeye. Kwa hiyo mimi naunga mkono ndugu aliyesema ni duara dogo la ndani.

Jicho la Tai #27
Ahsante ndugu wa Bukavu. Umenitetea kwenye #9 na kunipiga kwenye #25.

Mama Karoti #28
MotoBukavu, mama zetu wa huko wanakaa miguu upande gani?

MotoBukavu #29
Wengi wanakaa kama wanaume, mama, na kitambaa wanajifunga juu. Wanaokaa upande wapo, sikuangalia miguu yao, nina mke nyumbani.

FundiSpana #30
Sawa, twende kwenye breki maana nimeona watu wanakubaliana na mzee haraka. Mzee kasema mguu wa kulia upumzike ndani ya kona, sawa. Lakini kuna vijana huku mlimani ambao breki ya mbele wameifungua kebo kabisa, eti "itakurusha". Wanashuka kutoka Lushoto hadi Mombo kwa breki ya nyuma peke yake, dramu moja. Kushuka mlima uzito wote unahamia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi, unalikanyaga linaburuza tu. Ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki. Inakurusha ukiikamata ghafla, au kwenye mchanga, au ukiwa umelala. Ukiibana taratibu pikipiki ikiwa wima haikurushi popote.

Na dramu ikipata moto inatanuka, inakwenda mbali na shuu. Pedali inazama, unakanyaga zaidi, inazidi kuchemka. Ukisikia harufu ya kuungua simama, iache ipoe yenyewe. Nimewaona wanaomwagia maji pale mtoni. Chuma cha moto na maji ya baridi, kinapasuka.

Chuma Chakavu #31
Mbona mimi nashuka nyutro, nimezima na injini, na breki hazichemki? Napata na lita ya bure.

FundiSpana #32
Chuma, upo hai kwa dua za mama yako.

Bwana Shamba Mstaafu #33
Chuma Chakavu, ukizima injini ukiwa nyutro umejikata mkono. Injini kwenye gia ndiyo breki ya tatu, na haichemshi dramu. Isitoshe, gia ikiwa imeingia na mafuta umefunga, injini inazungushwa na tairi na haili mafuta kabisa.

Jicho la Tai #34
Mzee hapo kidogo. Hiyo ya kutokula mafuta kabisa ni kwa injini zenye mfumo wa sindano za umeme, kompyuta inakata. Hizi zetu za kabureta zinaendelea kunyonya kidogo kupitia njia ya sailensa (ile injini inapounguruma bila kuguswa mafuta). Kidogo sana, lakini si sifuri. Kwa hiyo lita ya Chuma Chakavu ni vijiko tu.

Chuma Chakavu #35
Na AG100 ya mzee? Si inachanganya oili na petroli? Nilisikia ukishusha mlima mrefu umefunga mafuta injini inakosa oili, inakwama.

Bwana Shamba Mstaafu #36
Umesikia sawa. Ile ni injini ya mipigo miwili, oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta na huku injini inazunguka kasi, oili inayokwenda ni chache. Ndiyo maana tulikuwa tunaguna: kila baada ya kona unafungua mafuta kidogo, vuum, unafunga. Watu wa Soni walikuwa wanajua bwana shamba anashuka kabla hawajamwona. Boxer ni mipigo minne, oili yake iko kwenye kreki, haina shida hiyo. Gia ya pili bila wasiwasi.

Mgosi wa Mlalo #37
Mzee umenikumbusha mbali. Halafu mnajua kwa nini hiyo barabara imejikunja hivyo? Waingereza waliichora kwa ajili ya punda.

Bwana Shamba Mstaafu #38
Si Waingereza, ni Wajerumani. Lushoto waliiita Wilhelmstal, na reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo 1905, kwa hiyo walihitaji njia ya kuunganisha huko juu na stesheni. Habari ya punda ni yako, mgosi.

Utingo Kitonga #39
Tukirudi kwa mwalimu. Ulishuka peke yako kama Mama Karoti alivyosema?

MgeniWaSoni #40
Nimeshuka peke yangu, gia ya pili, nikigeuza kidevu. Kushoto imekuwa afadhali lakini kuna kona mbili bado, zilezile zilizokunjwa kuliko zote. Na nimegundua kitu: kwenye hizo mbili, ni kama pikipiki inapata nguvu yenyewe katikati ya kona. Sifungui mafuta, lakini inasukuma.

Vistari vya cheni: kulia kiko mbele kuliko kushoto kwa kistari kimoja.

FundiSpana #41
NILISEMA MIMI. Vistari!

Ila subiri. Inapata nguvu yenyewe? Umesema fundi alibadilisha kebo zote. Fanya hivi sasa hivi: pikipiki imesimama, nyutro, iwashe, iache kwenye sailensa. Usiguse mafuta. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, sikiliza. Halafu kulia.

MgeniWaSoni #42
Nimetoka nje na tochi kufanya hivyo. Kulia iko vilevile. Kushoto ikikaribia mwisho injini inapanda. Hadi jirani amechungulia.

FundiSpana #43
Haya. Kebo ya mafuta imepitishwa vibaya, imezunguka shingo upande usio wake au imebanwa na waya za taa. Ukikata usukani kushoto inavutwa, kabureta inafunguka. Kona za kawaida unalaza tu, usukani haugeuki sana, huoni kitu. Kona iliyojikunja kabisa, mwendo mdogo, usukani unageuka zaidi, na hapo ndipo inakusukuma nje kuelekea basi. Usishuke nayo tena. Fungua tangi, ipitishe upya kwa ulegevu wa kutosha, ujaribu usukani pande zote kabla ya kufunga. Ni kazi ya dakika chache, fundi yeyote hapo Soni ataiweza.

Jicho la Tai #44
Inaweza pia kuwa sailensa yenyewe iliwekwa juu. Iliwekwa Dar kwenye usawa wa bahari, huku juu hewa nyepesi. Lushoto ni mita kama 1,400.

FundiSpana #45
Sailensa haijui kushoto na kulia.

Jicho la Tai #46
Kweli.

MgeniWaSoni #47
Mrejesho. Kebo imepitishwa upya, injini haipandi tena. Cheni imewekwa sawa kwa kamba. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa 40, umepunguzwa kufuata kitabu. Wife amekubali kuvaa suruali ndani ya kitenge na kukaa kiume, jana tumeshuka hadi Mombo na kurudi. Kona zote nimebaki upande wangu. Shukrani kwenu nyote.

Kijana wa Stendi #48
Sasa nani kashinda?

FundiSpana #49
Swali gani hilo. Kebo.

Mama Karoti #50
Suruali. Peke yake kushoto ilikuwa "afadhali" kabla hamjagusa kebo, soma #40.

Nduthi Iten #51
Hiyo afadhali ya #40 ilikuja na kidevu pia, na gia ya pili ya mzee.

MotoBukavu #52
Duara bado liko palepale. Kebo haikupanua barabara.

Jicho la Tai #53
Amebadilisha kebo, cheni, upepo, gia, macho na mke kwa wakati mmoja. Hatutajua kamwe.

MgeniWaSoni #54
Mke sijabadilisha mkuu, rekebisha hapo kabla hajaingia humu.

Utingo Kitonga #55
Mwalimu, kuna jambo bado. Ulisema upepo ulikuwa 40. Tairi la nyuma ni la aina gani, lile la mistari ya katikati au la vibuyu vya tope, yale manundu makubwa? Maana vibuyu kwenye lami ukilaza vinacheza.

MgeniWaSoni #56
Vibuyu. Niliambiwa huku milimani ndiyo yanafaa.

Mgosi wa Mlalo #57
Kwa vipande vya udongo vya njia ya Mlalo na Mtae yanafaa sana, masika bila hayo hutoki. Kwa lami ya Soni–Mombo wamekuuzia tu.

FundiSpana #58
Na mimi ndiyo nayauza hayohayo, kwa hiyo hapa nakaa kimya.

Chuma Chakavu #59
Wakuu samahani kuchomekea: nyutro nimeacha, nashuka gia ya pili sasa. Cheni imeanza kupiga kelele kwenye mteremko, tak-tak-tak, kupanda haipigi. Ni ya kukaza au ya kubadilisha?